Wagenia: matundu ya mawe yanayoshika miti ya wavuvi

Mgeni akifika Kisangani, mara nyingi anapelekwa kwanza ku maporomoko ya Wagenia. Anapiga picha za ile miti mirefu inayosimama katikati ya maji makali, na za vitunga vikubwa vya kuvulia samaki, kisha anarudi mujini. Lakini juu ya nini ile miti haibebwi na maji?

Jibu liko ndani ya mawe. Pale mto unapita juu ya mwamba mgumu. Maji yakizunguka fasi moja pamoja na mchanga na vijiwe, yanachimba mwamba polepole, miaka na miaka, mpaka tundu linatokea. Wavuvi Wagenia wanasimamisha miti yao ndani ya matundu hayo, wanaifunga kwa kamba za porini, kisha wanashikizia vitunga vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Nguvu ya maji inaingiza samaki ndani na kumzuia asirudi.

Hapo Wagenia ni poromoko la mwisho kati ya saba ya Boyoma, yanayofuatana kwa zaidi ya kilometa 100 toka Ubundu mpaka Kisangani. Kwa jumla mto unashuka mita 60 hivi, lakini hakuna poromoko lenye kupita mita 5. Mwenye kutafuta maji yanayoanguka toka juu sana hatayaona hapa. Ukubwa wa Boyoma ni wingi wa maji: yanahesabiwa kati ya maporomoko yenye kupitisha maji mengi zaidi duniani.

Mawe hayo hayo ndiyo yalipanga maisha ya muji. Masuwa toka Kinshasa, safari ya kilometa 1,700 hivi, zinakomea Kisangani kwa sababu hazina njia ya kupita. Ndiyo maana reli ya kilometa 125 ilijengwa mpaka Ubundu na kufunguliwa mwaka wa 1906. Juu ya maporomoko mto unaitwa Lualaba, chini yake unaitwa Congo.

Kutembelea ardhi na kuelewa namna iliumbwa ni utalii unaokubalika kwa majirani. Kule Tanzania, eneo la Ngorongoro-Lengai, lenye volkano na mabonde, liliingia mwaka wa 2018 katika orodha ya UNESCO ya maeneo ya namna hiyo, na utamaduni wa wakaaji wake unahesabiwa pamoja na mawe.

Ku Wagenia pia, mwamba peke yake hautoshi. Miti inaoza, inapaswa kubadilishwa, na kuisimamisha katika maji makali ni kazi ya hatari inayofundishwa toka mzazi mpaka mtoto. Vijana wakiiacha kwa kukosa faida, mgeni atakuta matundu matupu. Basi, pesa ya mgeni inapaswa kumfikia mvuvi pia, na anayemwongoza mgeni amuonyeshe tundu la mwamba kabla ya kumuonyesha fasi nzuri ya kupigia picha.