Fahamu: Kombe la Melbourne na mizani ya farasi

Kila Jumanne ya kwanza ya Novemba, wakazi wa Melbourne, nchini Australia, huacha shughuli zao, kwani siku hiyo, ambayo kwao ni sikukuu rasmi, farasi hushindania Kombe katika uwanja wa Flemington kwa masafa ya mita 3,200, mbio zilizoasisiwa mwaka 1861, farasi Archer alipowashinda wenzake 16, akarudi kushinda tena mwaka wa pili.

Siri ya mbio hizi ni mizani: farasi hodari hutwikwa uzani mkubwa, na dhaifu hupunguziwa, ili kila mmoja awe na tamaa ya ushindi. Carbine, mwaka 1890, alibeba takriban kilo 66, akawatangulia farasi 38. Nami sijui ushahidi wa ushujaa wa mnyama uliozidi huo. Phar Lap, mshindi wa 1930, alitwikwa kilo 68 mwaka uliofuata, na mzigo huo, hata kwa farasi aliyependwa mno na umma, ukamrudisha nafasi ya nane. Makybe Diva, farasi jike, ndiye pekee aliyeshinda mara tatu, 2003 hadi 2005.

Mwanamke wa kwanza kumpanda farasi mshindi alikuwa Michelle Payne, mwaka 2015.