Je, Wajua? Mwani Huamsha Kinga ya Mmea

Je, wajua kwamba kuna dutu ya mwani inayoukinga mmea na ukungu bila kuuua ukungu wenyewe? Mwani wa kahawia uitwao Laminaria digitata, unaovunwa pwani ya Bretagne nchini Ufaransa, huweka akiba yake ya chakula katika sukari ya laminarini. Umbo la sukari hiyo linafanana na la sukari zilizomo katika kuta za seli za ukungu. Ngano iliyonyunyiziwa laminarini huichukulia kuwa dalili ya adui, ikaanza kuimarisha kuta zake na kutengeneza protini za kinga kabla ukungu wa ubwiri unga haujafika.

Wapo wasemao kinga hii ni dhaifu kuliko viuakuvu, yaani sumu za kuua ukungu. Ni kweli haiponyi jani lililokwisha kushambuliwa, na shambani matokeo yake hubadilika kwa hali ya hewa na aina ya mbegu. Lakini kuipima kwa kipimo cha sumu ni kuidai kazi isiyo yake. Kwa kuwa haiushambulii ukungu moja kwa moja, ni vigumu ukungu huo kujenga usugu, balaa lililokwisha kudhoofisha dawa nyingi za ngano. Ikinyunyizwa mapema, juu ya ngano ya mbegu stahimilivu, inaweza kupunguza mipulizo ya sumu. Karajinani, dutu iliyomo katika mwani unaolimwa Zanzibar, nayo imeamsha kinga za mimea katika majaribio. Kwa hiyo inasikitisha kwamba sehemu kubwa ya mwani huo bado husafirishwa nje ukiwa mkavu tu, bila kusindikwa.