Sura ya Sita: Kompyuta Moja, Siri za Wengi

Katika stesheneri za Katesh na Haydom, nchini Tanzania, kompyuta moja huhudumia watu wengi kwa siku: huyu anaomba mkopo wa elimu ya juu na kupakia cheti cha kuzaliwa, yule anatafuta ajira serikalini. Mteja hujihadhari na anayechungulia kioo, lakini programu iliyokwisha kuwashwa ndani ya mashine hiyo humwona kwa karibu zaidi. Windows na Linux huipa kila programu eneo lake la kumbukumbu, ila ruhusa za ulinzi zimejengwa hasa kati ya akaunti moja ya mtumiaji na nyingine. Programu mbili za akaunti moja huhesabiwa kuwa za mtu mmoja; kwa kawaida moja yaweza kusoma mafaili ya mwenzake, na mara nyingi maneno yaliyonakiliwa, hata vitufe vinavyobonyezwa. Kwa hiyo nashikilia kwamba ulinzi wa siri huanzia kwenye kutenganisha akaunti.

Hata hivyo, akaunti haiisitiri siri iliyoanikwa. Fundi wa seva ya Linux akiandika nywila ya kanzidata ndani ya amri, orodha ya programu zinazoendeshwa huweza kuionyesha amri nzima kwa kila mwenye akaunti pale. Nywila ikae kwenye faili linalosomwa na mwenyewe tu, nayo programu iifute kwenye kumbukumbu ikishaitumia. Kwa hospitali kama ya Kilutheri ya Haydom, inayotibu watu tangu 1955, jambo hili lina uzito wa kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huzilinda taarifa za afya.

Wapo wasemao dirisha la faragha la kivinjari latosha. Dirisha hilo hufuta historia ya kurasa. Halizuii programu inayonasa vitufe. Wengine hutaja Meltdown na Spectre, kasoro za vichakataji zilizotangazwa Januari 2018, wakisema kwamba hata kuta za kumbukumbu huvuja. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kusasisha mfumo. Pingamizi zito ni foleni: mwenye duka hawezi kumfungulia kila mteja akaunti ya kudumu. Anaweza, hata hivyo, kuweka akaunti ya wateja isiyoruhusiwa kusakinisha programu, aifunge kila mmoja anapomaliza, na folda yake ifutwe yote. Muda unaotumika kufanya hivyo ni sehemu ya huduma aliyoilipia mteja.