Rangi na Jinsia: Mizigo Miwili Kichwani pa Mtu Mmoja

Muhula huu tulikuwa na mdahalo katika shule yetu hapa Msamala. Hoja ilikuwa kwamba chini ya wakoloni Waafrika wote walionewa sawasawa. Mimi nilikuwa upande wa kuitetea, nasi tukashinda. Nilirudi nyumbani kwa furaha, nikamsimulia bibi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Je, mjukuu wangu, mama yangu alipiga kura?" Sikuwa na jibu. Basi nikaenda kulitafuta.

Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ingawa Waafrika walikuwa wengi kupita wengine wote. Huo ni ubaguzi wa rangi, nasi sote twaujua. Lakini yalikuwako na masharti mengine. Mpiga kura alipaswa kuwa na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani kilichotajwa.

Masharti hayo yaliwazuia Waafrika wengi, wanaume kwa wanawake. Walakini wavulana walitangulia kupelekwa shule na kupata kazi za mshahara. Mjomba wa bibi yangu alifika darasa la nane, akatosha. Dada yake, yaani mama wa bibi, alibaki nyumbani kulima na kulea, hakutosha. Mwanamke wa Kizungu aliyesoma alitosha. Basi mama huyo alizuiwa na nini? Ukisema rangi tu, kaka yake atakukanusha. Ukisema jinsia tu, yule mwanamke wa Kizungu atakukanusha. Alizuiwa na yote mawili kwa pamoja.

Mwalimu wetu wa historia alinieleza kwamba wataalamu wa mambo ya wanawake wamelichunguza sana jambo hili. Mwaka 1989 Kimberlé Crenshaw, mwanamke mweusi wa Marekani na mwalimu wa sheria, aliandika juu ya kesi iliyoamuliwa mwaka 1976. Wanawake weusi watano waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Kabla ya mwaka 1964 kampuni hiyo haikuwa ikiajiri wanawake weusi. Kazi zilipopunguzwa, walioingia mwisho waliachishwa kwanza, na hao ndio walikuwa wa mwisho. Mahakama ikasema kampuni ilikwisha kuajiri wanawake zamani. Kweli, lakini walikuwa weupe! Wala haikukubali waunganishe madai ya rangi na ya jinsia. Crenshaw aliwafananisha na mtu aliyesimama njia panda: gari laweza kumgonga kutoka upande wowote, au kutoka pande kadhaa kwa mara moja.

Kwa nchi yetu, Susan Geiger alitoa mwaka 1997 kitabu juu ya wanawake wa TANU. Hakutegemea makaratasi ya serikali peke yake, bali aliwasikiliza wanawake wenyewe, na wengi wao hawakuwa na elimu kubwa. Mmoja wao ni Bibi Titi Mohamed, aliyesoma miaka minne tu na kuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam. Tangu mwaka 1955 aliongoza wanawake wa TANU, akaingiza maelfu chamani. Tazameni ajabu: kwa sharti la elimu, mtu kama huyo hakutosha kupiga kura!

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika mdahalo sikusema uongo, ila nilisema nusu ya kweli, na nusu niliyoiacha ilikuwa ya mama wa bibi yangu.

Nilimrudia bibi, nikamwambia, "Hapana, Bibi, hakupiga kura."

Akajibu, "Mimi najua. Nilitaka ujue wewe."

Ndugu msomaji, likizo hii mwulize bibi yako habari za mama yake, uziandike kabla hazijasahauliwa.