Taya linapovimba kila mtoto akianza kula

Kijana wa miaka 12 alikuwa ameanza kuogopa chakula. Kila akikaa kula, kabla hajamaliza matonge mawili ya ugali, chini ya taya lake upande wa kulia panavimba, panakaza na kuuma. Anashika shavu na kusukuma sahani. Baada ya saa moja au mbili uvimbe unanywea, kana kwamba hapakuwa na kitu. Shuleni walimrudisha nyumbani mara mbili wakidhani ana matubwitubwi. Nyumbani wakaanza kusema anadeka.

Siku ya kwanza walipofika kwangu foleni ilikuwa ndefu. Nilisikia "taya linavimba", nikadhani ni jino. Nikaandika eksirei ya taya na dawa za antibayotiki. Picha ikarudi haina kasoro, nami nikamwambia mama yake, "Picha ni safi mama, usiwe na wasiwasi."

Wiki tatu baadaye walirudi. Suruali ya shule ilikuwa inampwaya mtoto. Safari hii niliuliza swali nililopaswa kuuliza mwanzo: "Huwa panavimba saa ngapi?" Mtoto akajibu kabla ya mama yake: "Nikianza kula, dokta. Nikila ndimu ndiyo panauma zaidi."

Jibu hilo lilitosha kuonyesha pa kutafuta. Siku hiyohiyo alifanyiwa altrasaundi ya shingo, na kijiwe cha milimita 5 kikaonekana ndani ya mrija wa mate. Nimebadilisha baadhi ya mambo katika kisa hiki ili kumtunzia siri, lakini kosa lilikuwa langu, na ningependa mzazi mwingine asipoteze wiki tatu kama wao.

Mate hugeukaje jiwe?

Tuna jozi 3 za tezi kubwa za mate: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kwa siku hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate, ambayo hupita kwenye mirija myembamba hadi mdomoni. Madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye mate yakiganda kidogo kidogo ndani ya mrija au tezi, huwa kijiwe.

Zaidi ya vijiwe 8 kati ya 10 hutokea kwenye tezi za chini ya taya. Mate ya tezi hizo ni mazito, na mrija wake unapanda kuelekea juu, hivyo hutiririka polepole. Tunapokula, au hata tunaponusa kitu kichachu, tezi humwaga mate mengi kwa mara moja. Yakikuta njia imezibwa hujaa nyuma ya kijiwe, tezi inavimba na kuuma. Yakishapenya taratibu, uvimbe unashuka hadi mlo unaofuata.

Wagonjwa wengi wana umri wa miaka 30 hadi 60. Kwa watoto ni nadra, ndiyo maana hata sisi madaktari tunasahau. Kutokunywa maji ya kutosha, kuvuta sigara na baadhi ya dawa zinazokausha mate, kama za mzio na za kuongeza mkojo, huongeza uwezekano wa kupata vijiwe. Maziwa hayahusiki, kwa hiyo usimwachishe mtoto maziwa kwa hofu hii.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, haichomi sindano, na inapatikana katika hospitali nyingi. Mtaalamu hupaka jeli chini ya taya na kupitisha kifaa juu ya ngozi. Jiwe hurudisha sauti, hivyo huonekana kama alama nyeupe yenye kivuli cheusi nyuma yake. Mrija uliozibwa nao huonekana umepanuka. Vijiwe vya zaidi ya milimita 2 huonekana vizuri, ila vidogo zaidi, au vilivyo karibu kabisa na mlango wa mrija chini ya ulimi, vinaweza kukwepa. Hapo kidole cha daktari kikipapasa chini ya ulimi husaidia.

Jambo moja muhimu: mwambie anayekupima kwamba panavimba wakati wa kula. Wakati mwingine ataomba unyonye kitu kichachu ili mrija ujae mate na uonekane.

Eksirei "safi" haimalizi kazi

Kijiwe hakionekani kwenye eksirei kama hakina madini ya kutosha. Kwa tezi za chini ya taya, takriban kijiwe 1 kati ya 5 hakionekani, na vya tezi za mbele ya sikio hufichika zaidi. Pia mfupa wa taya na meno vinaweza kukifunika, hasa kama picha imepigwa kwa ajili ya kuangalia meno, kama nilivyofanya mimi. Ukiambiwa eksirei ni safi na bado unavimba kila mlo, rudi useme hivyo.

Siti skani na MRI ni za nani?

Siti skani huona hata vijiwe vidogo sana, na humwonyesha daktari wa upasuaji idadi na mahali vilipo. Lakini ina mionzi mingi kuliko eksirei na gharama yake ni kubwa. Kwa mtoto, isiwe ya kwanza. Hutumika altrasaundi ikishindwa kutoa jibu, au kukiwa na shaka ya jipu lililoingia ndani ya shingo.

MRI haina mionzi, na inaweza kuonyesha mirija kwa kutumia mate yenyewe, ila ni ghali na mtoto lazima atulie kwa muda mrefu. Kipo pia kipimo cha zamani cha kuingiza dawa kwenye mrija kisha kupiga eksirei. Hakifanywi wakati tezi ina maambukizi makali.

Si kila uvimbe ni jiwe

Matubwitubwi huja na homa, mara nyingi huvimbisha pande zote mbili, hukaa siku kadhaa na haiji na kuondoka kwa kufuata sahani. Wapo watoto ambao tezi ya mbele ya sikio huvimba mara kwa mara bila jiwe lolote, na altrasaundi husaidia kutofautisha. Mitoki ya shingoni hutokana na maambukizi ya koo, meno au ngozi ya kichwa. Na uvimbe mgumu unaokua polepole bila kujali mlo, hata kama hauumi, uchunguzwe mapema, kwani unaweza kuwa uvimbe wa tezi yenyewe.

Nenda hospitali haraka ukiona homa, usaha chini ya ulimi, ngozi kuwa nyekundu, kushindwa kufungua mdomo au kumeza. Akipumua kwa shida, usisubiri asubuhi.

Kabla ya kwenda kwa daktari

Kwa siku chache andika saa panapovimba, alikuwa anakula nini na uvimbe ulikaa muda gani. Piga picha kwa simu pakiwa pamevimba, maana ukifika kliniki huenda pamenywea. Beba majina ya dawa alizotumia na picha zote alizopigwa, hata zilizoitwa safi. Wakati huo mpe maji ya kutosha na umkande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Usinunue antibayotiki mwenyewe, kwani haziyeyushi jiwe.

Vijiwe vidogo hutoka vyenyewe kwa maji, kukanda na kunyonya vitu vichachu. Vilivyo karibu na ulimi hutolewa kupitia mdomoni, na penye vifaa, hutumika kamera nyembamba inayoingia kwenye mrija. Kuondoa tezi nzima ni hatua ya mwisho.

Kijana wetu alitolewa kijiwe chake kupitia chini ya ulimi. Alipokuja kuangaliwa baada ya mwezi mmoja, mama yake alilalamika kwamba sasa anamaliza mboga ya wenzake.