KISU CHA BABU CHAPATA MPINI MPYA

Leo siasa tuipumzishe kidogo.

Babu alipofariki wenzangu waligawana mbuzi na baiskeli, mimi nikaachiwa kisu. Mpini umeoza, ribiti zinacheza, kutu mpaka basi. Mama akasema kitupwe. Nikagoma. Hivi ndivyo nilivyokitengeneza, pamoja na pale nilipochemsha.

Kwanza jua chuma chako. Dondoshea tone la limau kwenye bapa, subiri dakika 10. Likiacha doa la kijivu au jeusi, hicho ni chuma cha kaboni. Kisu cha stenlesi hakitabadilika kirahisi, kwa sababu ya kromiamu iliyochanganywa humo.

Pili, kutoa mpini wa zamani. Hapa niliponea chupuchupu! Jirani alinishauri nikiweke kwenye mkaa mti uungue. Ghafla chuma upande wa mpini kikaanza kugeuka buluu, nikakichomoa mbio. Rangi hiyo maana yake joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na chuma kinalainika. Ingefika kwenye makali, kisu cha babu kisingekata tena kama zamani. Msichome jamani. Sagia vichwa vya ribiti kwa tupa, kisha zigonge zitoke. Na kabla ya yote funga makali kwa kitambaa kizito, vidole havina spea.

Tatu, mti. Nilipata vipande vya mpingo vilivyobaki kwa wachonga vinyago pale Mwenge, Dar. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi kwamba unazama majini, ndiyo maana unatengenezewa zumari za Wazungu kama klarineti. Ila una mafuta, gundi haishiki vizuri. Futa kwa spiriti kwanza, ndipo upake ile gundi ya kuchanganya tyubu mbili. Ribiti nilitumia waya mnene wa shaba. Acha siku nzima, halafu piga msasa. Ziba pua, vumbi lake linawasha kifuani.

Mwisho, rangi ya chuma. Sugua kutu yote, osha kwa sabuni, kisha paka siki ya moto kwa kitambaa. Baada ya dakika 10 suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha, rudia mara tatu. Unapata utando wa kijivu iliyoiva. Huo nao ni chuma kilichoungana na oksijeni kama kutu, ila wenyewe umeshikana na unapunguza kasi ya kutu nyekundu. Hauizuii kabisa, kwa hiyo ukishatumia kisu kausha na upake mafuta. Usikilaze kwenye siki usiku kucha, kitaliwa.

Gharama kubwa ilikuwa gundi tu. Na Mama? Sasa anakificha jikoni, eti ni kisu cha baba yake.

Mwenye ujuzi zaidi atupie maoni hapo chini. Nawasilisha.