Ramani za Reli na Ardhi Iliyoitwa Tupu

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Hapa Katoro viwanja vinauzwa kila siku, na mara nyingi tunaulizwa: je, inasihi kununua kwa kutazama ramani tu? Biashara hii ni kongwe, basi tuanze na historia yake.

Huko Marekani, sheria ya mwaka 1862 iliyapa makampuni ya reli ardhi kandokando ya njia zao, vipande vikipishana kama ubao wa drafti. Makampuni yakachapisha ramani za kuwavutia wanunuzi na watalii, wengi wao wakiwa mbali na ardhi yenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki, Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, na treni zilihitaji mizigo na abiria. Basi walowezi wakaitwa kwenye nyanda za juu, na mabango ya reli yakawaita matajiri wa Ulaya waje kukimbia baridi na kutazama wanyama. Sheria ya mwaka 1902 ikaruhusu kukodisha ardhi kwa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikafanya 999.

Lakini ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wamasai waliondolewa Bonde la Ufa mwaka 1904, na kuanzia mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia. Walishtaki, na mwaka 1913 mahakama ikasema haina mamlaka juu ya shauri lao.

Tuipime kwa fiqhi. Katika madhehebu ya Shafi, miongoni mwa masharti ya kiuzwacho ni kuwa muuzaji ana mamlaka nacho na kuwa kinajulikana. Kauli yenye nguvu kwao ni kwamba kuuza kisichoonwa hakusihi. Mahanafi wanaruhusu, ila mnunuzi ana khiyari akishakiona. Ama kuhuisha ardhi iliyokufa, mafakihi wameweka harimu: uwanja wa mkutano wa wanakijiji, pahala wanapolaza ngamia, hata jaa lao, havihuishwi na mtu mwingine. Nyasi zisizo na nyumba si dalili ya kukosa mwenyewe.

Kwa hiyo ramani ni maelezo tu, si kuona wala si umiliki. Tena kwa sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia.

Ndugu Muislamu, kabla hujatoa fedha nenda ukakanyage kiwanja, waulize majirani na viongozi wa mtaa au kijiji, umjue muuzaji ameipataje haki hiyo. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa anayedhulumu ardhi, hata shubiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Onyo hilo halikumvua mwenye ramani nzuri.

Wallahu a'alam.